Dini na Chimbuko la Ubepari: Mfano wa Marafiki wa Uingereza

Max Weber, mwanazuoni wa Kijerumani, aliandika mwaka 1904 na 1905 kwamba Uprotestanti, hasa ule wa wafuasi wa Calvin, uliziandaa nyoyo za watu kuupokea ubepari: kazi ilihesabiwa kuwa wito wa Mungu, anasa zikachukiwa, na faida isiyoliwa ikarudi kuwa mtaji. Hoja hii ina uzito, lakini yafaa tuipime kabla ya kuimeza.

Tuwatazame Marafiki, jumuiya ya Kikristo iliyoanzishwa Uingereza na George Fox katika karne ya 17, ambayo watu waliibandika jina la Quakers. Dini yao iliwakataza kula kiapo. Na asiyekula kiapo hakupata cheo serikalini wala shahada ya Oxford. Milango hiyo ilipofungwa, ulibaki wazi mlango wa biashara. Basi sheria nayo iliwasukuma dukani, si imani peke yake! Huko waliuza kwa bei moja, bila kupatana, hata kwa mtoto aliyetumwa. Na aliyefilisika kwa uzembe alitengwa na wenzake. Kwa hiyo neno la Rafiki likawa dhamana. Abraham Darby, aliyeyeyusha chuma kwa makaa ya koki huko Coalbrookdale mwaka 1709, alikuwa mmoja wao. Sampson Lloyd, mmoja wa waasisi wa benki ya Birmingham ya mwaka 1765, vilevile.

Lakini uaminifu wa muuzaji ni jambo moja, na jasho linalozalisha mali ni jambo jingine. Akina Cadbury, Marafiki wa Birmingham, walisifiwa kwa kuwajali wafanyakazi wa kiwanda chao cha Bournville. Sehemu kubwa ya kakao yao, hata hivyo, ilitoka São Tomé, koloni la Wareno, ambako Waafrika waliochukuliwa Angola walitumikishwa kitumwa, ingawa makaratasi yaliwaita vibarua wa mkataba. Mwaka 1901 kampuni ilipata habari za shamba lililokuwa likiuzwa huko, na vibarua wameorodheshwa humo pamoja na mali nyingine. Ikachunguza, ikatuma wajumbe, ikaendelea kununua. Mwaka 1908 gazeti moja la London liliuita mwendo huo unafiki. Kampuni iliacha kununua kakao hiyo Machi 1909, na mwishoni mwa mwaka huo ikalishinda gazeti mahakamani. Jopo la raia waliosikiliza kesi likaipa fidia ya robo ya peni.