Expire, kitenzi cha Kiingereza

Expire ni kitenzi cha Kiingereza chenye asili ya Kilatini, exspirare, yaani kupumua nje. Kilipita katika Kifaransa cha kale kabla ya kufika Uingereza. Mzizi huohuo umezaa inspire, respiration na spirit.

Katika tiba, kitenzi hiki bado kina maana ya kutoa pumzi. Kiwambo hulegea na kupanda, mapafu hunywea, hewa hutoka. Hewa hiyo huwa na oksijeni takriban asilimia 16, ilhali ile inayovutwa ina asilimia 21. Mwaka 1846 daktari John Hutchinson wa London alieleza spirometa yake, chombo cha kupima hewa anayoweza kuitoa mtu.

Maana ya kufa, sawa na kukata roho, siku hizi hupatikana zaidi katika maandishi kuliko mazungumzoni.

Inayotumika mno ni ya kuisha muda: pasipoti, leseni, mkataba, bima. Kutokana nayo Waingereza husema expiry, Wamarekani expiration. Kwenye pakiti za dawa hufupishwa EXP, na hapa ndipo umakini unahitajika zaidi. Dawa iliyoandikwa EXP 06/2027, bila siku, kwa kawaida hutumika hadi tarehe 30 Juni 2027, mradi imehifadhiwa ipasavyo. Kwenye vyakula, maneno best before huhusu ubora tu, ila use by huhusu usalama. Chakula kilichopita tarehe ya use by kisiliwe, hata kikiwa hakinuki.