Moshi, Ngoma na Mchwa: Uhifadhi wa Vitu vya Kale Ngara na Biharamulo

Hazina ya Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, ambayo Henry Morton Stanley aliiona mwaka 1876 katika nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi, inajulikana leo kwa vitu vyake vya chuma zaidi kuliko vya mbao na ngozi, kwa kuwa chuma kina kutu tu ya kuogopa. Kusini mwa Karagwe, Bugufi na Busubi, nchi zilizo leo katika wilaya za Ngara na Biharamulo, sehemu kubwa ya vitu vya heshima ilitokana na mimea na mifugo, na kwa hiyo ilikuwa chakula cha wadudu tangu siku ilipotengenezwa.

Ngoma ndiyo mfano ulio wazi. Kwa Warundi, ambao lugha yao iko karibu sana na Kihangaza cha Ngara, mti wa kuchongea ngoma huitwa umuvugangoma; gogo lake huchimbwa ndani, kisha ngozi ya ng'ombe huwambwa na kukazwa kwa vigingi. Mbawakawa wa unga, wadudu wanaotaga mayai katika vitundu vya mbao, hushambulia tabaka la nje lenye wanga, na buu hula ndani kwa ndani hadi atoke akiacha tundu la milimita moja au mbili na vumbi laini chini yake. Ngozi ina adui mwingine, mbawakawa wa ngozi, ambaye hujificha hasa pale inapokunjwa kwenye vigingi, mahali ambapo kitambaa cha kufutia hakifiki. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, kuvu nalo huanza kuota, na misimu ya mvua ya nyanda hizi haikosi unyevu huo.

Kinga ya kale ilikuwa moshi. Katika msonge jiko liliwaka ndani kila siku, na kemikali za moshi zilizoganda kwenye nyasi, fito na vyombo vilivyotundikwa ziliwafukuza wadudu na kuzuia kuvu. Vibuyu vya maziwa navyo vilifukizwa. Hakuna aliyeuita utaratibu huo uhifadhi, lakini ndio uliofanya kazi. Pamoja na moshi alikuwapo mtunzaji wa ngoma, mtu mwenye wajibu wa kuipaka ngozi siagi na kuibadilisha ilipochakaa.

Utawala wa kichifu ulipofutwa mwaka 1963, ngoma ilibaki bila mwenye wajibu, na mabati na majiko ya nje yalipoenea, moshi nao ukatoka nyumbani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilikuja kudhibiti kwa vibali uchimbaji na usafirishaji wa mambo ya kale. Lakini mchwa, ambaye hupanda ukutani kwa njia za udongo hadi kwenye boriti, hajali kibali, na boma la Wajerumani la Biharamulo, licha ya kuta zake nene, linahitaji ukaguzi wa mara kwa mara.

Makumbusho ya Ulaya nayo yalitumia arseniki, na baadaye DDT, kuua wadudu katika vitu vilivyochukuliwa Afrika Mashariki. Sumu hizo hukaa katika ngozi na nyuzi kwa miongo mingi, hivyo kitu kinachorejeshwa lazima kipimwe kabla ya kushikwa kwa mikono mitupu, sembuse ngoma kupigwa. Njia mojawapo ya kuua wadudu inayopendelewa sasa ni kukifunga kitu katika plastiki na kukigandisha kwenye nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, jambo linalohitaji friza kubwa na umeme usiokatika.