Mbu wa Nagongera kwenye foleni ya kompyuta kuu

Mwaka 2012 watafiti walikusanya mbu Nagongera, mji mdogo wa wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Mbu hawakuwa haba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mkazi wa Tororo huumwa mara 562 kwa mwaka na mbu waliobeba vimelea vya malaria. Gawanya kwa siku, utapata zaidi ya mara moja kila usiku.

Mbu hao waliingia katika mradi mkubwa wa kusoma jenomu, yaani DNA yote, za mbu elfu moja wa Afrika. DNA yao ilisomwa katika Taasisi ya Sanger, karibu na Cambridge, Uingereza. Mwishoni mwa 2017 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya awamu ya kwanza: mbu 765 kutoka nchi 8 za Afrika, na zaidi ya nafasi milioni 50 ambapo jenomu ya mbu mmoja hutofautiana na ya mwenzake. Humo ndimo zilimoonekana jeni za usugu dhidi ya dawa za kuulia wadudu, zikisambaa kutoka nchi hadi nchi bila kujali mipaka.

Kati ya mbu aliyenaswa na makala iliyochapishwa kuna kazi ambayo wengi hawaioni. Mashine ya kusoma DNA iliyotumika haisomi jenomu mfululizo kama mtu asomavyo kitabu. Hutoa vipande vifupi vya herufi mia moja hivi, na kila sehemu husomwa takriban mara 30 ili kosa lisipite. Jenomu ya mbu ina herufi zaidi ya milioni 200. Kuvipanga vipande hivyo vyote mahali pake, kwa mbu mmoja baada ya mwingine, kunahitaji kompyuta kuu: maelfu ya prosesa zinazofanya kazi pamoja. Na kompyuta kuu haikosi wateja. Wa hali ya hewa anasubiri, wa saratani anasubiri, wa nyota anasubiri. Nani atangulie?

Swali hilo lina umri sawa na kompyuta zenyewe. Katika miaka ya 1950 mtafiti alikabidhi bunda la kadi zilizotobolewa, akaenda zake na kurudi kesho yake kuchukua jibu. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba mashine moja inaweza kuhudumia watu kadhaa kwa kumpa kila mmoja kipande kidogo cha muda, kwa zamu za haraka. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ya Marekani ilifungua vituo vya kompyuta kuu kwa ajili ya vyuo vikuu, na utaratibu wa milango miwili ukakomaa. Mlango wa kwanza ni kamati: mtafiti anaandika ombi, wanasayansi wenzake wanalipima, anapewa mgao wa saa za prosesa. Mlango wa pili ni programu iliyo ndani ya mashine, inayoamua kila dakika kazi ipi ianze.

Mwaka 1988 Judy Kay na Piers Lauder wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walieleza kanuni ya mgao wa haki: aliyetumia sana siku za karibuni anarudi nyuma, aliyetumia kidogo anasogea mbele. Kanuni hiyo ingali hai katika programu za foleni za leo, ikiwemo Slurm, iliyozaliwa katika maabara ya Livermore, California, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Aliyewahi kusimama mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, anaielewa foleni hii bila kufundishwa. Lori refu lililosheheni haliendi mpaka lipate nafasi ya kulitosha lote. Likisubiri, boda boda hupenya. Ndivyo ifanyavyo programu ya foleni: inaiwekea kazi kubwa muda wake, kisha inapitisha kazi ndogo katika mianya, mradi zisiicheleweshe ile kubwa. Si ajabu mfano ukaja wenyewe, kwani boda boda zilipata jina hapahapa Busia katika miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizobeba watu kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda.

Lakini kanuni nzuri ya foleni haimsaidii asiyeruhusiwa kupanga foleni. Na kuhusu kumiliki chombo cha pamoja kisha kukipoteza, Tororo ina kumbukumbu yake. Huko Sukulu, nje kidogo ya mji, palikuwa na EATRO, shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale ya watu na nagana ya mifugo. Lilikuwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Vimelea vilivyokusanywa nyikani vilihifadhiwa kwenye baridi kali na kupewa namba. Kimelea EATRO 1125, kilichotolewa kwa pongo nchini Uganda mwaka 1966, kinafahamika hadi leo katika maabara za Ulaya na Marekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kilichokuwa kwenye ardhi yake. Malale hayakungoja: yalikuwa yamekwisha kulipuka Busoga mwaka mmoja kabla, na katika miaka ya 1980 yakafika Tororo.

Leo mitambo inarudi, mmoja mmoja. Nairobi, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ina kompyuta za pamoja zinazotumia Slurm. Mwaka 2019 kituo cha umahiri wa bioinfomatiki kilizinduliwa katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere, Kampala. Cape Town ilizindua Lengau mwaka 2016, yaani duma kwa Kitswana, kompyuta yenye uwezo wa kufanya hesabu zaidi ya trilioni elfu moja kwa sekunde. Nao wenye data ya mbu wameiweka kwenye hifadhi ya intaneti, ili mwanafunzi wa Busia mwenye kompyuta ndogo na mtandao aichambue hukohuko iliko badala ya kuihamisha.

Ni hatua njema, ila haitoshi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu cha zama hizi ni saa za prosesa. Tazama kilichotokea Tororo. Kunyunyizia dawa ukutani kulianza Desemba 2014, na homa zikapungua sana. Mwaka 2020 aina ya dawa ilibadilishwa, malaria ikapanda tena, na watafiti wakahusisha kupanda huko na badiliko hilo. Ng'ambo ya mpaka wa wilaya, Busia, ambako kuta hazikunyunyiziwa, watafiti wamefuatilia familia ili kulinganisha. Je, mbu amebadilika? Jibu limo ndani ya jenomu yake, na lina thamani likifika kabla ya msimu ujao wa kunyunyizia. Kamati iliyo mbali huenda kwa kalenda yake. Mvua za Machi zina kalenda yao.

Kwa hiyo Afrika Mashariki inahitaji tena kitu cha pamoja kama Sukulu: mashine inayomilikiwa na nchi zote, na kamati ambayo mmoja wa wajumbe wake anajua maana ya mvua kuanza Nagongera. Mbu wa kule walitangulia kufika Cambridge. Haki ya wenyeji wao ni kukaa mezani saa zinapogawiwa.