Majengo Ilifunza Dunia Kuhusu Kinga. Nani Anakumbuka?

Wasee, ukisema unatoka Majengo, watu watakuuliza kuhusu wizi ama wale wanawake wanaokaa mlangoni. Hakuna atakayekuuliza kuhusu sayansi. Hapo ndipo tunajipunja.

Twende polepole, tuanze na panya wa maabara. Mwaka wa 1973 na 1974, huko Canberra, Australia, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walitumia panya kuonyesha vile seli T hutambua seli iliyoingiwa na virusi, kisha zikaiua. Kazi hiyo iliwapa tuzo ya Nobel mwaka wa 1996. Panya wametufunza pia kwamba vita ikiisha, seli kadhaa hubaki zikilinda. Hizo ndizo seli za kumbukumbu. Adui akirudi haziitishi kipande, zinamjua sura.

Sasa, kwa binadamu na Ukimwi je? Sehemu kubwa ya jibu ilitoka hapa mtaani. Kuanzia 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, wakiwemo Elizabeth Ngugi na Frank Plummer, walifuatilia wanawake waliouza ngono Pumwani. Kufikia 1994 walikuwa wameandikisha 424 ambao hawakuwa na virusi. Kati yao, 239 wakaambukizwa. Lakini kuna wachache, miaka ikapita, hatari ni ile ile, na vipimo vikazidi kusema hawana kitu. Baadaye, pamoja na wenzao wa Oxford, watafiti wakapata kwenye damu ya baadhi yao seli T zinazojua virusi vya Ukimwi, ilhali virusi vyenyewe havipo.

Halafu mambo yakapinda. Mwaka wa 2001 iliripotiwa kwamba baadhi ya hao hao wameambukizwa, na hilo lilihusiana na kupunguza kazi mwaka uliotangulia. Ni kama kinga yao ilikuwa imeanza kusahau. Usidanganyike ati hatari ni dawa: zaidi ya nusu ya wale 424 waliambukizwa. Mwaka huo huo, chanjo iliyojengwa juu ya wazo la seli hizo, na kupimwa kwa panya kwanza, ilianza kujaribiwa Nairobi. Kwa watu, kinga iliyoamsha ilikuwa hafifu.

Sisemi wanawake hao walitumiwa tu. Walipata kliniki, matibabu na kondomu, na Ngugi aliwasaidia kujipanga wafundishane. Lakini maprofesa tunawajua kwa majina. Wao ni nambari kwenye faili. Majina yao yabaki siri, ni haki yao. Mtaa wao je, nao ubaki siri?

Mimi naona aibu tuliyowabebesha ndiyo imefanya tusahau. Siku mwalimu wa bayolojia hapa Eastlands akifundisha seli za kumbukumbu, panya wangoje kidogo. Aanze na Majengo.