Kumbukumbu za Salme: Kalamu ya Tabaka Gani?

Mwaka 1886 kilichapishwa mjini Berlin, kwa lugha ya Kijerumani, kitabu cha maisha ya Salme binti Said, ambaye wakati huo aliitwa Emily Ruete. Kinahesabiwa miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu, na mwandishi alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Wengi hukisoma kama hadithi ya binti mfalme na mapenzi yake. Kada anapaswa kukisoma kama hati ya tabaka.

Tusimnyime haki yake. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomfanya, mwaka 1859, awe mwandishi wa barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya Sultani Majid. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani. Mumewe akafa mwaka 1870, naye akabaki ugenini na watoto watatu na dhiki ya fedha.

Lakini humo mna sura nzima juu ya utumwa, nayo inawatetea mabwana: eti utumwa wa Waarabu usilinganishwe na ule wa Marekani, eti Mwafrika ni mvivu. Mwenye kusema hayo alirithi mashamba, na karafuu hazijichumi. Zaidi ya hayo, mama yake, suria Mcherkesi, aliporwa na majambazi akiwa mtoto, kisha akauzwa. Binti wa mwanamke aliyenunuliwa anatetea ununuzi wa watu! Maslahi ya mali yalishinda hata uchungu wa mama.

Mabeberu nao walimtumia. Agosti 1885 Bismarck alimrudisha Unguja pamoja na manowari, madai yake ya urithi yakiwa kisingizio cha kumbana Barghash. Barghash alipokubali utawala wa Wajerumani huko bara, Usagara na kwingineko, madai ya Salme yaliwekwa kando.

Mwaka 1993 mtaalamu E. van Donzel alitoa toleo la Kiingereza la kumbukumbu hizo, pamoja na barua juu ya maisha ya Ujerumani zilizobaki bila kuchapishwa hadi mwandishi alipofariki mwaka 1924. Barua hizo zina thamani: zinaonyesha upweke wa mgeni na ubaridi wa jamii ya kibepari. Hata hivyo, mjadala wa mwanamke aliyeishi kati ya dunia mbili umewavutia wasomi kuliko suala la nani alichuma karafuu.

Wachumaji hawakuachiwa kalamu. Ilipita karibu nusu karne ndipo James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, alipotoa *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934, nacho kinawasifu Waingereza kupita kiasi. Vikundi vya mafunzo vingefaidika kuvisoma vitabu hivi viwili pamoja, vikianza na sura ile ya utumwa.