Sauti ya DJ iko wapi? Historia ya komentari za filamu kutoka Vugiri hadi kibanda cha Moiben

Leo naweka kando PHP na hifadhidata, tuzungumze filamu. Lakini msiwe na wasiwasi wasomaji wangu, mambo ya mitambo yatakuja tu. Mimi nikianza na filamu huwa naishia kwenye faili.

Wale mlioshika DVD halisi kutoka ng'ambo (sizungumzii zile za filamu kumi ndani ya sahani moja) mtakuwa mmeona kwenye menyu mahali pa kuchagua sauti. Kuna Kiingereza, kuna Kifaransa, halafu mara nyingi kuna moja inayoitwa komentari. Ukiibonyeza, mwongozaji anakuja kukaa nawe na kukusimulia filamu yake mwenyewe: hapa pesa zilikuwa zimetuishia, huyu alianguka kweli kutoka kwenye farasi, na kadhalika. Ukichoka naye unabonyeza tena, anaondoka, filamu inabaki kama ilivyokuwa.

Sisi pia tuna komentari. Tena tunazipenda kuliko wao wanavyozipenda zao, maana ng'ambo komentari ni ya mtu aliyekwisha itazama filamu mara tatu, na huku ndiyo inayomleta mtu kuitazama mara ya kwanza. Tofauti ni moja: zetu hazina kitufe cha kuzima. DJ akishaingia kwenye filamu, hatoki. Nataka kueleza kwa nini ikawa hivyo, na kwa nini jambo hilo limeanza kuninyima usingizi.

Tuanze na wao, maana historia yao ni fupi. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa King Kong, filamu ya mwaka 1933, kwenye LaserDisc, ile sahani kubwa kama ya santuri. LaserDisc ilikuwa na njia mbili za sauti kwa ajili ya stereo, lakini filamu ya 1933 ni mono, inahitaji njia moja tu. Ile ya pili ilikuwa inakaa bure! Basi wakamweka Ronald Haver, mtaalamu wa filamu katika jumba la makumbusho la sanaa la Los Angeles, aeleze jinsi lile sokwe lilivyotengenezwa na kusogezwa picha kwa picha. Ndiyo komentari ya kwanza inayotambulika kwenye filamu za nyumbani, na hadi leo naiweka juu katika orodha yangu kwa sababu jamaa anazungumza kama mwalimu anayelipenda somo lake, hana maringo. DVD ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaruhusu njia nane za sauti katika filamu moja, na hapo kila mtu akawa na komentari, hata wale wasio na la kusema.

Sasa turudi nyumbani. Wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki ilitenganisha sauti na picha karibu miaka hamsini kabla ya Criterion. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, kule milima ya Usambara, Tanganyika. Walioendesha ni Waingereza wawili, Major L. A. Notcutt na Geoffrey Latham, kwa fedha nyingi za shirika la Carnegie la Marekani. Walipiga filamu fupi za kilimo, afya na ushirika, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kikoloni moja kwa moja, mzungu anamfundisha Mwafrika jinsi ya kuishi, na sitayatetea. Ila mimi ni mtu wa programu, nikaangalia mtambo. Sauti haikuwa kwenye filamu. Ilikuwa kwenye santuri, pembeni! Kwa nini? Kwa sababu picha ni moja na lugha ni nyingi. Ukifika kwa Waswahili unaweka santuri ya Kiswahili, ukivuka kwenda kwa watu wengine unabadilisha santuri, filamu ile ile. Kwa lugha ya leo tungesema walitenganisha data na lugha, kama tunavyoweka maneno ya programu katika faili la tafsiri badala ya kuyaandika ndani ya kodi. Bila shaka kuoanisha santuri na filamu kulikuwa na taabu yake.

Mradi ulikufa na wazo hilo likafa nao. Miaka mingi baadaye zikaja kanda za VHS, na pamoja nazo vibanda. (Jambo la kufurahisha: hata Waganda, ambao wana lugha yao, ukumbi wa video wanauita kibanda.) Filamu ilikuwa ya Hong Kong, India au Marekani, watazamaji hawajui lugha yake, na manukuu chini ya picha hayasomeki kwenye televisheni ya inchi kumi na nne ukiwa benchi la nyuma. Basi akasimama mtu mwenye kipaza sauti na miksa ndogo. Mazungumzo yakianza anashusha sauti ya filamu, anasema yeye; ngumi zikianza anairudisha. Kampala wanamwita VJ, na majina kama VJ Jingo yanajulikana na kila mtoto. Tanzania kulikuwa na Lufufu, jina halisi Derek Gaspar Mukandala, aliyekuwa mwanajeshi, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kama cha msimulizi wa hadithi kuliko mtafsiri. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, aliandika makala kuhusu wasimulizi hao wa Tanzania akaipa jina linalohusu kuugeuza wali kuwa pilau. Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Na Kenya, bila ubishi, ni DJ Afro.

Hapa Moiben nilipokua, DJ Afro alifika kabla ya umeme kufika kwetu. Kibanda chetu pale senta kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao za mabaki, jenereta nje ikinguruma kiasi kwamba DJ mwenyewe ilibidi apige kelele kuishinda. Msimu wa kuvuna mahindi vijana wakilipwa vibarua, kinajaa hadi mlangoni. Lakini mtu ninayemfikiria zaidi si kijana wa kibandani. Ni gogo yangu, mama yake baba. Alijua Kikalenjin na Kiswahili cha sokoni, Kiingereza hapana. Filamu ya Kichina bila DJ kwake ilikuwa watu wanaruka tu. DJ akiwamo, alijua nani ni steringi, nani ni adui, nani kamsaliti nani kwa sababu ya ng'ombe (kwenye filamu haikuwa ng'ombe, ilikuwa upanga, lakini alivyosimulia baadaye ilikuwa ng'ombe) na alikuwa anagombana na televisheni kama anavyogombana na jirani.

Hapo ndipo komentari ya huku inapoachana na ile ya Criterion. Haver anazungumza na mtu ambaye tayari ameielewa filamu. DJ Afro anaibeba filamu nzima mgongoni: anatafsiri, anaeleza, anashabikia, anakutania, anakutajia bei ya unga katikati ya vita vya Shaolin. Wapo wanaosema anaharibu, kwamba anabuni maneno ambayo hayapo. Ni kweli anabuni! Lakini hebu linganisha na manukuu ya Kiingereza ya filamu za zamani za Hong Kong, yaliyotafsiriwa haraka haraka hadi sentensi haina kichwa wala miguu. Kati ya uongo wenye uhai na ukweli uliovunjika, mimi nachagua DJ.

Sasa mitambo. Kwa nini sauti yake iliyeyushwa ndani ya filamu badala ya kukaa pembeni? Watu husema ni uharamia tu. Mimi naona mashine zenyewe zilichangia sana. Kanda ya VHS ilikuwa na njia ya sauti ya kawaida pembezoni mwa utepe, na deki za bei ghali zilikuwa na njia nyingine ya ubora zaidi. Kinadharia ungeweza kumweka DJ kwenye moja na filamu kwenye nyingine. Lakini deki za bei nafuu zilisoma ile ya pembezoni tu, na televisheni zilikuwa na spika moja. Kuweka DJ mahali ambapo wateja wengi hawawezi kumsikia ni biashara gani hiyo? Kisha ikaja VCD: picha ya nukta 352 kwa 288, sauti ya kilobiti 224 kwa sekunde, dakika zipatazo 74 kwa sahani. Sauti ni moja ya stereo, basi. DVD ilipofika na njia zake nane, tayari tulikuwa tunaitumia kubana filamu kumi katika sahani moja, na mteja angekurudishia sahani kama angelazimika kutafuta menyu ndipo amsikie DJ.

Kwa hiyo kila mara sauti ya msimulizi iliunganishwa na filamu, ile kanda ikanakiliwa, nakala ikanakiliwa, na sauti tupu haikuwa na sababu ya kuhifadhiwa na mtu yeyote. Nani ahifadhi sauti ya DJ bila filamu?

Matokeo yake nenda Uganda ukayaone. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano kwa bajeti ya kuchekesha, akihariri kwenye kompyuta alizounganisha mwenyewe kwa vipuri. Nafasi kwenye diski ilikuwa ndogo, ikabidi afute kazi ya zamani ili apate mahali pa filamu inayofuata. Toleo lisilo na msimulizi limepotea. Kilichobaki ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie, ndilo lililowekwa YouTube mwaka 2015 na kutazamwa na mamilioni duniani. Emmie anacheka, anawasifu makomando, anatangaza filamu katikati ya filamu, na hapo ndipo wazungu walipojifunza kwamba komentari inaweza kuwa hivi. Kwangu ni kipenzi namba mbili baada ya DJ Afro. Lakini ona: huwezi tena kuitazama filamu bila yeye, hata ukitaka.

Upande wetu hali ni kinyume. Filamu asili zipo, zimejaa. Kinachopotea ni msimulizi. Kanda zimeota ukungu au zimerekodiwa mechi juu yake. Kilichowekwa YouTube kinaweza kuondolewa wakati wowote, maana mfumo wao wa kutambua hakimiliki unaisikia filamu ya kampuni kubwa ndani ya faili na hauna habari na Kiswahili kilicho juu yake. Mwenye filamu ana haki yake, sibishani. Ila faili likifutwa, tafsiri ya saa moja na nusu aliyoifanya mtu kwa kinywa chake inafutwa pamoja nalo.

Wamarekani walipata mlango wa pembeni mwaka 2006. Mradi wa RiffTrax wa Michael J. Nelson uliuza MP3 ya wachekeshaji wakiisimulia filamu. Filamu unaitafuta mwenyewe, unabonyeza vyote viwili pamoja. Santuri ya Vugiri imerudi! (Mwanasheria atasema tafsiri nzima bado inahitaji ruhusa ya mwenye kazi, na atakuwa sahihi, lakini angalau sauti inaweza kuishi bila kubeba picha ya mtu.)

Basi nikajiuliza: je, naweza kumtoa DJ ndani ya filamu baada ya miaka yote hii? Programu za akili bandia kama Spleeter na Demucs hutenganisha sauti ya mtu na muziki, lakini hapa zinakwama, kwa sababu mwigizaji na DJ wote ni watu wanaozungumza. Njia niliyofuata ni ya kizamani zaidi. Natafuta DVD ya filamu ile ile bila DJ, nachomoa sauti zote mbili kwa FFmpeg, nazipanga kwa Python, halafu natoa moja kutoka kwa nyingine. Kinachobaki kinapaswa kuwa DJ.

Kinapaswa. Tatizo la kwanza ni kasi. Filamu ya sinema hukimbia picha 24 kwa sekunde, VCD ya mfumo wa PAL hukimbia 25, kwa hiyo filamu ya dakika 100 inakuwa 96 na sauti zote zinapanda kidogo. Hilo ni hesabu tu, linarekebishika. La pili ni ule mkono wa DJ kwenye miksa: kila anapozungumza kiwango cha filamu kinashuka, kwa hiyo lazima nikadirie upya kiwango hicho kila robo sekunde. Nalo limewezekana. La tatu ndilo baya. Utepe haukimbii sawasawa, unavutika na kulegea, na kila nakala iliongeza uyumbaji wake. Sekunde moja sauti mbili zimelala pamoja, inayofuata zimepishana.

Kwa sasa, kwenye filamu moja ya kungfu niliyoijaribu, mazungumzo yanatoka vizuri, DJ peke yake, na nyuma yake mchakacho kama wa redio usiku. Milipuko bado inaacha mabaki makubwa. Nikishaipata safi naiweka kwenye faili la MKV kama njia ya pili ya sauti, na VLC inakupa chaguo: filamu peke yake, au DJ pamoja nayo. Nikitoka hapo nitashughulikia zile VCD za sahani mbili, ambako kati ya sahani A na sahani B kuna sekunde kadhaa za filamu zilizomezwa na DJ anaendelea kuzungumza kama hakuna kilichotokea.