Damu yaweza kutahadharisha figo baada ya upasuaji wa moyo

MKAZI wa Kanyenye mjini Tabora anayehitaji upasuaji mkubwa wa moyo hulazimika kusafiri mbali, ikiwamo hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Hata moyo ukitengemaa, figo zaweza kuumia.

Kipimo kilichozoeleka cha damu, kreatinini, huchelewa kuonyesha madhara hayo kwa siku moja hadi mbili.

Mwaka 2005, watafiti nchini Marekani waliochunguza watoto 71 walibaini kuwa protini iitwayo NGAL ilipanda ndani ya saa 2 kwa wale ambao figo zao ziliumia.

Kwa watu wazima uhakika wake ni mdogo zaidi. Hata hivyo, dalili za mapema humwezesha daktari kudhibiti shinikizo la damu na kuepuka dawa zinazodhuru figo.